Mohamed Amin

Mohamed Amin (29 Agosti 1943 – 23 Novemba 1996), maarufu kwa jina fupi la Mo, alikuwa mpiga picha, mtengenezaji wa filamu na mwandishi wa habari kutoka Kenya. Alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, na huko Dar es Salaam ndiko alikoanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipiga picha za vita, mapinduzi, marais, mahujaji, wavuvi na wafugaji katika Afrika Mashariki na nje yake. Anakumbukwa zaidi kwa filamu aliyoipiga kaskazini mwa Ethiopia mwezi Oktoba 1984, iliyoonyesha njaa ambayo dunia ilikuwa haijaitazama. Alifariki katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini kando ya kisiwa cha Ngazija, Komoro.

Kuzaliwa na utoto

Amin alizaliwa Eastleigh, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Reli ya Kenya na Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilileta maelfu ya vibarua na mafundi kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao na baadhi walibaki, na hata baada ya reli kukamilika watu waliendelea kuja kufanya kazi za uashi, ufundi na ukarani. Familia ya Amin ilitokana na wimbi hilo la baadaye. Hawakuwa matajiri wa madukani, jambo linalofaa kutajwa kwa sababu wasomaji wengi wakisikia habari za Wahindi wa Afrika Mashariki hufikiria duka tu.

Baba alihamishiwa Tanganyika kikazi, na watoto wakahamia naye Dar es Salaam. Wakati huo shule ziligawanywa kwa rangi. Watoto wa Kizungu walikuwa na zao, wa Kihindi na zao, wa Kiafrika na zao, na fedha za serikali zilitolewa kwa viwango tofauti. Amin alisoma katika shule za Kihindi za mji huo. Akiwa kijana mdogo alinunua kamera iliyokwisha tumika ya aina ya Box Brownie. Msomaji wa leo anayepiga picha mia kwa simu kabla ya chai ya asubuhi aelewe kamera hiyo ilikuwa nini: kisanduku chenye lenzi moja, kisichopimwa umbali wala mwanga, chenye filamu ya picha chache tu. Ukikosea, umepoteza picha na fedha. Halafu filamu lazima isafishwe gizani kwa dawa, na mtu asiye na chumba cha giza huishia kumlipa mwenye duka. Amin alijifunza kusafisha mwenyewe.

Alipiga picha za shughuli za shule na za michezo. Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalipita Tanganyika pia, na kijana huyo akapata humo picha za kuuzia magazeti. Hakusomea upigaji picha katika chuo chochote.

Camerapix na miaka ya Dar es Salaam

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Katika miaka iliyofuata Dar es Salaam iligeuka kuwa kituo cha wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa Addis Ababa mwezi Mei 1963, ofisi ya Kamati yake ya Ukombozi iliwekwa Dar es Salaam. FRELIMO ya Msumbiji iliundwa hapo hapo mwaka 1962. Kwa mpiga picha kijana palikuwa mahali pazuri kuliko miji mingi mikubwa zaidi: mji mdogo, viongozi wanaofikika, na habari zinazotakiwa London na New York. Mwaka 1963, akiwa na umri wa takribani miaka ishirini, Amin alifungua Camerapix.

Aliongeza kamera ya filamu kwenye ile ya picha za mnato. Uamuzi huo ndio uliomtofautisha na wapiga picha wengine wa mjini. Mashirika ya habari ya televisheni yalihitaji filamu kutoka Afrika lakini hayakuwa na watu wa kutosha wa kuwaweka huku. Filamu iliyopigwa ilitiwa kwenye mfuko, ikakimbizwa uwanja wa ndege, ikasafirishwa hadi Ulaya, ikasafishwa huko na kuonyeshwa siku moja au mbili baadaye. Aliyeijua ratiba ya ndege vizuri kuliko wenzake alishinda. Amin alizijua ratiba hizo.

Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964. Siku nane baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, inayoitwa leo Lugalo, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Tarehe 26 Aprili nchi mbili ziliungana. Kwa miezi minne hiyo pwani yetu ilikuwa kwenye habari za dunia, na Amin alikuwa miongoni mwa wachache waliopeleka filamu kutoka Zanzibar. Sehemu ya kumbukumbu za picha tulizonazo za kipindi kile zimetoka kwake.

Zanzibar pia ndiyo iliyomgharimu. Baada ya mapinduzi, wataalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki na Umoja wa Kisovieti walikuja visiwani kufundisha vyombo vya usalama na jeshi. Amin alipiga filamu ya mafunzo hayo, na ikaonyeshwa nje ya nchi. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar, akawekwa gerezani karibu mwezi mmoja katika hali ngumu, kisha akafukuzwa na kupelekwa Kenya. Hivyo kijana aliyeanzia kazi Dar es Salaam akaanza upya Nairobi akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Camerapix ikahama naye.

Kuna watakaosema alijitakia, kwa kuwa alifanya kazi na wageni wakati nchi changa ilikuwa na hofu ya maadui. Wengine watasema mwananchi ana haki ya kujua nani anafundisha askari wake. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba mtu aliyetoka gerezani hakuacha kamera.

Nairobi, Kampala na kwingineko

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya, waziri na katibu mkuu wa chama cha KANU, alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika Government Road, barabara inayoitwa sasa Moi Avenue. Amin alifika muda mfupi baada ya risasi na akafuata tukio hadi hospitali akiwa na kamera. Filamu ile ilimpa tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka nchini Uingereza. Ilikuwa heshima kubwa, lakini pia ni filamu ya mtu anayekata roho, na swali la kupiga picha badala ya kusaidia lilianza hapo kumfuata. Litarudi hapa chini.

Uganda ilimchukulia muda mwingi. Alipiga picha za utawala wa Idi Amin, ambaye walifanana jina tu na hawakuwa na undugu wowote. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Makumi ya maelfu waliondoka wakiacha nyumba, maduka na akaunti za benki. Mohamed Amin alirekodi habari za watu waliofanana naye kwa asili, wajukuu wa reli ile ile iliyoleta baba yake. Utawala ule ulipoangushwa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda mwezi Aprili 1979, alikuwa tena kwenye habari hizo. Mwaka 1980 yeye na mtangazaji Brian Barron wa BBC walimfikia Idi Amin uhamishoni Saudia na kumhoji mbele ya kamera.

Vitabu: watu wasioonekana

Habari za kila siku hudumu siku moja. Amin alijua hilo, na kati ya safari za vita alitengeneza vitabu vya picha, mara nyingi pamoja na mpiga picha Duncan Willetts na waandishi kama Brian Tetley. Mwaka 1978 kilitoka kitabu chake kuhusu Hija ya Makka, kazi ambayo isingewezekana kwa mpiga picha asiye Mwislamu. Mwaka 1984 kilitoka *Journey Through Tanzania*, kimoja katika mfululizo wa vitabu vya safari kuhusu nchi mbalimbali. Mwaka 1986 alitoa kitabu kuhusu reli ya Afrika Mashariki, na msomaji anaweza kukadiria mwenyewe kwa nini mwana wa mfanyakazi wa reli alikitaka.

Kinachostahili kusomwa zaidi ni *Cradle of Mankind* cha mwaka 1981, kilichotokana na safari ya kulizunguka Ziwa Turkana. Ziwa hilo liko katika jangwa la kaskazini mwa Kenya, na sehemu yake ya juu inagusa Ethiopia. Kwa Wakenya wengi wa miaka ile ilikuwa nchi ya mbali kuliko London. Barabara hazikuwepo, upepo ni mkali, maji yana magadi, mamba ni wengi. Kandokando yake wanaishi Waturkana, Wasamburu, Warendile, Wagabra, Wadasanechi na Waelmolo. Hawa wa mwisho ni wavuvi wa pwani ya kusini-mashariki, karibu na Loiyangalani, mojawapo ya jamii ndogo kabisa za Kenya, na lugha yao ya asili imekwisha kupotea kwa kiasi kikubwa baada ya wao kuchukua Kisamburu. Amin alipiga picha zao wakiwa kazini: mashua ya magogo, chusa, samaki anayekatwa. Jamii hizi zilikuwa zimepigwa picha kabla yake, ila kwa kawaida na mgeni aliyepita siku mbili akitafuta shanga na mikuki. Amin hakuepuka kabisa shanga na mikuki, kwa sababu vitabu vile vililazimika kuuzwa, lakini ndani yake kazi, chakula na safari za watu vina nafasi yao.

Mwaka 1987 kilifuata *The Last of the Maasai*. Jina lake, lenye maana ya Wamasai wa mwisho, limezeeka vibaya. Wamasai hawakwisha. Wako Ngorongoro, wako Kajiado, wako hata barabara za Bagamoyo na Dar es Salaam wakilinda majumba usiku, na wanazungumza wenyewe kuhusu ardhi yao. Katika shule ya sekondari kitabu hicho kinafaa kutumiwa pamoja na swali hilo: nani aliamua kwamba watu hawa wako karibu kutoweka?

Njaa ya Ethiopia, 1984

Ethiopia ilikuwa imewahi kupata njaa kubwa mwaka 1973 katika mkoa wa Wollo. Serikali ya Mfalme Haile Selassie iliificha, na filamu ya Mwingereza Jonathan Dimbleby ilipoifichua, ilichangia kuanguka kwa mfalme mwaka 1974. Wanajeshi wa Derg waliochukua madaraka, wakiongozwa baadaye na Mengistu Haile Mariam, walijua basi nguvu ya filamu ya njaa. Miaka kumi baadaye mvua zilikosekana tena. Ukame peke yake haukutosha kuua watu wengi kiasi kile. Kulikuwa na vita kati ya serikali na wapiganaji wa Tigray na Eritrea, masoko yalivurugwa, barabara zilifungwa, mazao yaliteketezwa, na jeshi lilikula sehemu kubwa ya bajeti. Mwezi Septemba 1984 serikali iliadhimisha miaka kumi ya mapinduzi mjini Addis Ababa kwa sherehe za gharama kubwa, na waandishi wa habari hawakutakiwa kwenda kaskazini.

Amin alifuatilia vibali kwa wiki kadhaa, akitumia watu aliowajua katika ofisi za Addis Ababa kwa miaka mingi. Hapa ndipo ukazi wake wa Afrika ulipofanya kazi. Mpiga picha anayetumwa kutoka Ulaya kwa siku tano hana afisa anayemjua kwa jina. Mwezi Oktoba alipata kibali, akasafiri na Michael Buerk wa BBC, wakafika Mekele na Korem. Korem ni mji mdogo wa nyanda za juu. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika pale wakisubiri chakula, wengi wakilala nje, na usiku wa nyanda hizo ni wa baridi kali. Watu walikufa usiku. Alfajiri ndugu waliwaosha na kuwafunga marehemu kwa nguo walizokuwa nazo. Amin alipiga filamu alfajiri hiyo.

Wanafunzi wanaosoma utengenezaji wa filamu wafaidike kwa kuitazama kazi yenyewe, si kwa kusoma sifa zake. Kamera inakwenda polepole. Inapita juu ya watu wengi mpaka mtazamaji anaelewa idadi bila kuambiwa, kisha inatulia kwa mtu mmoja: mama na mtoto, mzee, mtoto anayetazama moja kwa moja kwenye lenzi. Hakuna kuruka-ruka. Sauti ya kambi imeachwa isikike.

Ripoti hiyo, ya dakika saba hivi, ilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, na siku hiyo hiyo ikaonyeshwa Marekani na NBC. Kupitia shirika la Visnews, alikofanyia kazi Amin, ilisambazwa kwa vituo zaidi ya 400 vya televisheni duniani. Mwitikio ulikuwa wa haraka. Wanamuziki wa Uingereza na Eire walirekodi wimbo wa hisani mwezi Novemba, wale wa Marekani wakafuata mwanzoni mwa 1985, na tarehe 13 Julai 1985 yalifanyika matamasha ya Live Aid London na Philadelphia kwa wakati mmoja. Serikali zilizokuwa zikisita zilipeleka ndege za nafaka. Makadirio ya waliokufa katika njaa ile yanatofautiana, kuanzia laki nne hadi milioni moja. Watu wengi walipona kwa sababu chakula kilifika, na kilifika kwa sababu filamu ilionekana.

Ubishi juu ya filamu hiyo

Sifa hizo ni za kweli na si habari yote. Ripoti ilieleza mateso kuliko ilivyoeleza sababu. Watazamaji wengi wa Ulaya walibaki na wazo la ukame tu, kana kwamba njaa imeanguka kutoka mbinguni, na vita ikasahaulika. Serikali ya Ethiopia ilitumia misaada kuendeleza mpango wake wa kuhamisha watu kutoka kaskazini kwenda kusini-magharibi, wengi wao kwa nguvu, na maelfu walikufa katika uhamisho huo. Kwa miaka mingi baadaye jina la Ethiopia, nchi yenye maandishi yake na makanisa ya miamba ya Lalibela, lilimaanisha mtoto mwenye njaa. Waethiopia walioishi nje walilijua jambo hilo kwa uchungu.

Ubishi huo ulizaa matokeo. Mwaka 1989 mashirika ya hiari ya Ulaya yalipitisha mwongozo wa maadili kuhusu picha za nchi maskini, ukiyataka yaonyeshe watu kama wenye heshima na uwezo, na kueleza chanzo cha matatizo yao. Amin hakuwa mlengwa peke yake. Mashirika ya misaada yaliyonakili namna ya filamu yake bila subira yake yalistahili lawama zaidi.

Je, mpiga picha asaidie kwanza? Amin alirudi Ethiopia mara nyingi, na mwaka 1985 alitengeneza filamu ndefu zaidi kuhusu njaa hiyo, *African Calvary*. Mtu anaweza kubeba kamera au gunia la unga, na kule Korem gunia moja lisingetosha hata safu moja ya watu. Jibu hilo lina mantiki. Halimwondolei mtazamaji ugumu wa kumwona mama ambaye hakuulizwa kama anataka msiba wake uonyeshwe.

Hapa pwani kuna filamu inayofaa kuwekwa kando ya ile ya Amin. Mwaka 1992 Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling alitengeneza *These Hands*, kuhusu wanawake, wakiwemo wakimbizi kutoka Msumbiji, wanaoponda mawe kwa nyundo katika machimbo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Hakuna msimulizi. Kwa muda wa dakika 45 tunawaona wanawake wakiponda, wakipumzika, wakinyonyesha, wakiimba. Filamu hiyo haikuchangisha fedha zozote za kutajwa, lakini hakuna anayeweza kuitazama akadhani wanawake wale ni watu wa kuhurumiwa tu. Amin alikuwa na dakika saba na watu wanaokufa. M'mbugu-Schelling alikuwa na muda na watu walio kazini. Mwalimu akiwa na filamu zote mbili darasani hahitaji kusema mengi.

Kufundisha

Amin hakuwahi kuwa mwalimu wa darasani. Alifundisha kwa kuajiri. Camerapix ya Nairobi ilipokea vijana wa Kenya ambao hawakuwa na chuo cha kusomea, wakaanza kwa kubeba vifaa, wakaendelea kwenye sauti, na wengine wakafika kwenye kamera. Wakati huo mashirika mengi ya nje yalileta mpiga picha, mtu wa sauti na mtayarishaji kutoka kwao, na kumwachia mwenyeji kuendesha gari. Kumpa kijana wa Nairobi kazi ya sauti katika habari kubwa kulikuwa somo na pia msimamo.

Alikuwa bosi mgumu. Aliamka usiku wa manane, akafika ofisini kabla ya watu, akataka kila mmoja afanye hivyo. Waliodumu naye walitoka wakiwa mafundi kamili. Wapo ambao hawakudumu, na si haki kusema wote walikuwa wavivu.

Addis Ababa, 1991

Mwishoni mwa Mei 1991 wapiganaji wa EPRDF waliingia Addis Ababa na utawala wa Mengistu ukaisha. Amin alikuwepo. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni ghala la silaha lililipuka mjini humo. Yeye na wenzake walikwenda kupiga filamu ya moto, na mlipuko wa pili ukawakuta. John Mathai, Mkenya aliyekuwa mtu wake wa sauti, aliuawa. Amin alipoteza mkono wa kushoto.

Kamera ya televisheni ya wakati huo ilikuwa nzito, hukaa begani, na mkono mmoja huishika huku mwingine ukirekebisha lenzi. Kwa mtu wa miaka 47 ungekuwa mwisho wa kazi. Alipata mkono wa bandia wa Marekani wenye mitambo, kamera ikarekebishwa ili aweze kuiendesha, na baada ya miezi kadhaa alikuwa kazini tena. Jina la Mathai halitajwi mara nyingi katika masimulizi ya tukio hilo, ingawa yeye ndiye aliyetoa zaidi. Watu wa sauti hawaonekani katika filamu, na kwa kawaida hata mazungumzo ya filamu huwasahau.

Kifo

Tarehe 23 Novemba 1996 Amin alipanda ndege ya Ethiopian Airlines nambari 961 mjini Addis Ababa akirudi Nairobi. Camerapix ilikuwa ikichapisha jarida la abiria la shirika hilo, *Selamta*. Alikuwa na Brian Tetley, mwandishi mwenzake wa miaka mingi, ambaye mwaka 1988 alikuwa ameandika kitabu cha maisha yake. Ndani ya ndege hiyo, Boeing 767, walikuwemo watu 175.

Vijana watatu waliiteka na kumwamuru rubani Leul Abate awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Hawakuamini. Alifuata pwani ya Afrika kusini kwa muda, kisha akageuka kuelekea Komoro, mpaka mafuta yakaisha na injini zikazimika. Alijaribu kutua juu ya maji mafupi karibu na hoteli ya ufukweni kaskazini mwa Ngazija. Ndege ilivunjika vipande mbele ya watalii, na mmoja wao akarekodi kwa kamera ya video. Watu 125 walikufa, wakiwemo watekaji. Wakazi wa kisiwa, wavuvi na wafanyakazi wa hoteli waliingia majini kwa mashua kuokoa waliobaki hai, na watu 50 waliokolewa.

Walionusurika walieleza kwamba Amin alikuwa amesimama katika dakika za mwisho akizungumza na watekaji. Yeye na Tetley walikufa. Amin alikuwa na umri wa miaka 53.

Familia na kumbukumbu

Amin alimwoa Dolly Khaki, na walipata mtoto mmoja, Salim Amin, ambaye alichukua uongozi wa Camerapix baada ya kifo cha baba yake. Salim alianzisha Mohamed Amin Foundation, iliyowafundisha vijana wa Afrika uandishi wa habari wa televisheni mjini Nairobi, yaani kile ambacho baba yake alikifanya bila darasa kikapewa darasa. Baadaye, mwaka 2008, alishiriki kuanzisha A24 Media, iliyokusudiwa kuuza habari za video zilizotengenezwa na Waafrika wenyewe.

Mwaka 2006 ilitoka filamu *Mo & Me*, ambayo Salim anaisimulia. Ndani yake anaonyesha pia mtoto aliyekuwa akimwona baba yake kwa nadra, kati ya ndege moja na nyingine, na aliyemfahamu vizuri zaidi kupitia picha alizoziacha.

Maktaba ya picha na filamu za Amin imehifadhiwa Nairobi na Camerapix. Humo zimo picha za Dar es Salaam na Zanzibar za miaka ya 1960, na sehemu ya hazina hiyo imewekwa katika mfumo wa dijiti ili ionekane kupitia intaneti.